Shimo Nililolifunga Mpale

Mmeniuliza wote, tena kwa kejeli, ilikuwaje mtu ambaye Chanika nzima inamjua kwa kutovuka kisima cha pili akaenda Mpale, akarudi na nyayo zilizochubuka na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Nimechoka kumsimulia kila anayekuja kunywa chai yangu. Nimekaa nikaandika. Msomeane wenyewe. Anayetaka kucheka acheke, ila aniachie sukari kidogo koponi.

Mnanijua. Nilisoma hadi darasa la kumi, nikarudi na cheti, na tangu siku ile sijaona sababu ya kwenda popote. Nina kiti changu cha kamba, nina kivuli cha paa langu, na baraza ninakofanya kazi ya ukarani liko karibu kiasi kwamba mke wangu akiniita uji tayari, nasikia. Kwa ajili hiyo Mzee Kasanda alinibandika jina la Mwali wa Chanika. Wageni hamkumjua: alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa huku zamani kama manamba wa mkonge, akakaa jirani yetu mpaka alipopata kazi ya mgodi mlimani. Kila asubuhi alikuwa akisimama uani kwangu na kuuliza kwa sauti ya kusikika sokoni, "Mwali yupo ndani? Au leo ametolewa kuota jua?" Nami nilikuwa nikimjibu kwamba Wanyamwezi wamebebeshwa mizigo na kila mpita njia, hata wakilala hulala wima wasije wakaangusha.

Huo ndio utani, na kati ya Mzigua na Mnyamwezi utani si mchezo. Tunatukanana tukiwa hai, tunazikana tukifa. Marehemu baba na Kasanda walikuwa watani wa nyumba kwa nyumba. Siku tuliyomzika baba, Kasanda aliruka ndani ya kaburi akajilaza, akasema, "Shimo hili zuri mno kwa Mzigua. Nilazeni mimi, huyu mrudisheni nyumbani." Mama yangu, ambaye siku mbili hakutia kitu kinywani, alicheka, kisha akaomba uji. Tangu siku hiyo mimi ndiye mtani wa nyumba ya Kasanda. Nilirithi utani pamoja na hiki kiti.

Basi Jumatatu moja akaja mtu wa Mpale, kule mlimani kwenye ule mgodi, na habari. Kasanda amekufa mgodini. Wamekwisha kumzika, lakini matanga hayajaanuliwa, kwa sababu mjane wake, Mama Nyamizi, amekataa yasianuliwe na mtu yeyote ila mtani wa nyumba. Na Jumamosi asubuhi chumba anachokaa kinatakiwa kwa mfanyakazi mwingine. Lori la mgodi litamshusha stesheni arudi kwao Tabora. Akiondoka na msiba haujafungwa, kwao wangempokea kama mwanamke aliyemtoroka mumewe kaburini. Hakuna ambaye angekula chakula alichopika.

Kwa hiyo nilitakiwa Mpale kabla jua la Ijumaa halijazama. Nilikasirika hapo hapo, na wa kwanza kumkasirikia alikuwa Kasanda. Amekaa jirani yangu miaka yote hiyo akiwa na nafasi ya kufa kwa urahisi, hatua ishirini kutoka mlangoni pangu, halafu anakwenda kufia juu ya mlima!

CHANIKA HADI SEGERA, AMBAKO SIKUWA NA KAZI

Jumanne nilipanda hapa Handeni lori lililobeba chumvi. Dereva alikuwa mtu wa Korogwe, Saidi jina lake, mcheshi, na mimi asubuhi siwapendi wacheshi. Kutoka Handeni kwenda Korogwe ipo njia iliyonyooka. Tulipofika inapoanzia, Saidi akakata kona akaelekea Segera.

"Bwana Saidi," nikamwambia, "Korogwe si kule?"

"Ni huku huku, karani. Imepinda kidogo tu."

Imepinda kidogo! Mfupa wangu wa kiuno unaijua hesabu ya huko kupinda. Tulifika Segera, pale barabara zinapokutana, saa sita mchana. Nilidhani tunashusha chumvi tuondoke. Kumbe Saidi alikuwa amemwahidi muuza chai mmoja kwamba atamletea mtu wa kumwamulia ugomvi na mumewe, na mtu mwenyewe alikuwa mimi.

"Karani wa baraza huyu hapa!" akapiga kelele kabla sijashusha mguu.

Yule mama alikuja na mashahidi watano. Mumewe amebandua mlango wa nyumba, akaupeleka kwa mke wa pili. Mume naye akaja, akasema mlango aliutengeneza kwa mikono yake. Mashahidi wakasema ni kweli, ila mbao ni za kaka wa mke mkubwa. Shahidi mwingine akasema misumari je? Wakaanza kubishana juu ya misumari. Chai niliyoletewa ilikuwa baridi na ina moshi. Saidi alikuwa amelala chini ya lori lake akikoroma.

Jua lilipoanza kulalia upande nikasimama, nikawaka. "Mimi nina mtu amekufa!" nikasema. "Wewe bwana, rudisha mlango! Rudisha leo! Huyo wa pili mtengenezee mwingine, kama mikono ndiyo unayojisifia!"

Nilitegemea ugomvi. Badala yake mzee mmoja akatikisa kichwa polepole akasema, "Hiyo ndiyo hukumu." Mume akaenda kuufuata mlango. Mimi sikuwa nimehukumu kitu, nilikuwa nimekasirika tu. Wakati huo sikulifikiria sana jambo hilo. Baadaye nilikuja kulifikiria mno.

KOROGWE NA MTU WA KOTI

Tuliingia Korogwe Jumatano, tumechelewa gari la moshi. La Alhamisi nikaliwahi. Mke wangu alikuwa amenifungia kuku mzima wa kukaanga na bonge la bada, ugali wetu wa muhogo, kwenye majani ya mgomba, na chakula hicho nilikilinda njia nzima kama yai. Mpango wangu ulikuwa kula nusu garini na nusu chini ya mlima.

Mbele yangu akaketi jibaba la makamo limevaa koti zito la jeshi, na jua lile. Akanitazama.

"Bwana watoka wapi?"

"Handeni."

"Handeni kwa nani? Mzigua?"

"Mzigua."

"Ahaa!" akasema, kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Akainama, akachukua kifurushi changu mapajani, akakifungua, akavunja paja la kuku akaanza kutafuna.

Nikang'aka, "Bwana! Huna adabu?"

"Bada hii imepondwa vizuri," akanijibu. "Nani kakupikia? Wewe hukustahili mke huyu."

Abiria wakacheka. Nikasimama, nikamwambia mimi ni karani wa baraza, nikamwambia wizi wa mchana una kifungo, nikasema maneno mengine ambayo siyaandiki kwa sababu barua hii watoto wataisoma. Naye alizidi kutafuna. Alipomaliza alinipa shingo ya kuku kwa heshima zote, akasema, "Wazigua wa siku hizi wamekuwa Wazungu. Hawatanii tena, wanashtaki."

Hapo mtu mwenye akili angeelewa. Mimi niliitafuna shingo ile kwa hasira nikiangalia dirishani. Madarasa kumi nilisoma, lakini la kumuuliza mtu kabila lake kabla ya kumgombeza hawakutufundisha. Niliposhuka kwenye kituo kidogo chini ya mlima, yeye alibaki garini akinipungia mkono. Nikamwombea mfupa umkwame.

KUPANDA

Ijumaa alfajiri nilimpata mwenyeji, mama mmoja wa Kishambaa aliyekuwa ameteremsha ndizi stesheni na sasa anarudi. Aliitwa Mama Hoza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaitazama miguu yangu.

"Hiyo miguu, baba, imewahi kutumika?"

"Inatumika barazani."

"Ya kukalia," akasema. "Haya, twende."

Sitawachosha na ule mlima. Nitasema tu kwamba aliyeuweka hakukusudia upandwe na makarani. Mama Hoza alikuwa mbele na kapu kichwani akizungumza bila kuhema. Mimi nyuma, nahesabu hatua na kumlaani Kasanda kwa kila hatua ya kumi. Viatu vya baraza vikachanika kisigino. Nikavivua, nikavilaani navyo.

Kwenye bega la kwanza la mlima tukazikuta kuta. Mawe yamepangwa jiwe juu ya jiwe, hakuna chokaa, hakuna udongo, na bado yanafika kifuani mwangu. Yamezunguka uwanja mpana, yakaacha mlango mmoja mwembamba wa kupita kwa ubavu. Chini pametapakaa mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki watu wakiyeyusha mawe kupata chuma.

"Nani alijenga?" nikauliza.

"Watu wa kale."

"Kale ya lini?"

"Wakilindi walipokuja kututawala walituuliza hivyo hivyo, tukawajibu watu wa kale. Sasa wewe karani, hesabu."

Niliegemea ukuta ule kwa uzito wangu wote, nao si mdogo. Haukutikisika hata kokoto. Mbele yetu mlima ulikatika ghafla, na chini kabisa bonde lote likaonekana: mto umejikunja, mistari ya mkonge kama nywele zilizochanwa, halafu nyika ya Wamasai mpaka macho yanachoka. Mama Hoza akanyoosha kidole kwenye ukungu wa buluu upande wa kusini. "Kwenu kule." Nikakutazama kama mtu anayemwona mwenzake anakula kuku wake.

"Na mwenzako yule pale," akasema.

Kaburi la Kasanda lilikuwa ndani ya ukuta, kwa kuwa kambini ni mwamba mtupu, halichimbiki. Juu ya udongo walikuwa wamenyunyizia ulanga, yale mawe yanayochanika karatasi karatasi na kung'aa kama kioo, ambayo ndiyo yanayochimbwa huko. Mtani akifika kaburini hutakiwa kutukana. Nilikuwa na matusi niliyoyatunga tangu Segera, mazuri. Hayakutoka. Nilisema tu, "Nimefika, mzee. Nimetoka ndani."

Mbele ya kuta yakaanza mashimo ya enzi ya Mjerumani. Njia nzima ilimetameta vipande vya ulanga hadi nikawa nafumba macho. Shimo moja lilikuwa limetitia, udongo wake bado mwekundu.

"Hili lilikuwa zima mpaka masika yaliyopita," akasema Mama Hoza. Sasa alikuwa ameacha utani. "Likatitia walipochomoa nguzo zake."

"Nani alizichomoa?"

"Nyapara. Mzungu mwenye mgodi alisema miti mipya iko mbali, ya zamani ipo, itumieni. Wakaziteremsha kwenye shimo jipya. Mzee wako alizigonga kwa nyundo moja moja, akasema zimeoza katikati, zinalia kama debe tupu. Akaambiwa ashuke. Akashuka." Akahamisha kapu kichwani. "Baba Hoza ndiye aliyemvuta kutoka chini. Alianza kuuona mguu."

"Na nguzo zimebadilishwa?"

"Moja ilivunjika, wakaweka nyingine ya zamani. Baba Hoza ameshuka humo leo asubuhi. Na kesho atashuka."

Nilitazama nyuma. Ukuta wa watu ambao hata majina yao yamesahaulika umesimama bila kushikwa na kitu. Na hawa wa juzi, wenye misumeno na malori, wameshindwa kukata mti mbichi. Hasira zote nilizokuwa nazo tangu Jumatatu, za njia, za mlango, za kuku, zilikuwa za kujifurahisha tu. Hapo ndipo nilipokasirika.

MATANGANI

Kambini watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wachimbaji wameshatoka shimoni. Na katikati yao, kwenye kiti, koti la jeshi.

"Mwali wa Chanika amefika!" akanguruma lile jibaba. "Jamani, yule mwenye kuku!"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Kumbe ndiye nyapara, Maganga, Mnyamwezi wa kwao Kasanda hasa. Kumbe ni mtani wangu, na kuku alimla kwa haki. Alishuka kituo cha mbele, akapandishwa na lori la mgodi, akafika jana yake, na kisa chote, pamoja na jinsi nilivyotaka kumfunga jela, alishakisimulia mara tatu.

"Mtani akimkasirikia mtani wake anatozwa," akasema. "Mpeni shoka."

Hiyo ni desturi, siwezi kuikataa. Nikachanja kuni za msiba kwa viganja vya karani mpaka malengelenge yakapasuka, nao wananihesabia.

Kisha nikafanya kazi niliyoijia. Nilimnyoa Mama Nyamizi nywele za msiba, nikatoa majivu ya jiko la matanga. Alikuwa mwanamke mkavu, mkimya. Nilipokuwa namnyoa aliniambia kwa sauti ya chini, "Wiki tatu nasema nguzo zimeoza, mtani. Nasema mpaka wananipisha njia. Wanadhani ni uchungu wa mjane."

Likabaki la mwisho. Mtani husimama akamtukana marehemu mpaka wafiwa wacheke; wakicheka, msiba umevunjika. Nikasimama. Macho yote kwangu, meno tayari nje. Nikatafuta mzaha hata mmoja, sikuupata.

"Kasanda hakufa," nikasema. "Ameuawa na mti uliooza."

Wakacheka.

"Nasema kweli! Nyapara huyu aliichomoa kwenye shimo la Mjerumani akaiweka iwaangukie ninyi!"

Wakacheka zaidi. Mmoja akajipiga paja. "Huyo ndiye mtani!"

"Kasanda aliwaambia! Aligonga akawaambia! Na ninyi mliosikia mmeshuka leo tena!"

Maganga alikuwa analia kwa kicheko, anafuta macho kwa mkono wa koti. Jamani! Nimetembea siku nne, nimepata neno moja la kweli la kusema, nimelisema mahali pekee duniani ambapo Mzigua akimwita Mnyamwezi muuaji anapigiwa makofi. Ningesema kwa Bwana Shauri wa wilaya angeniuliza ushahidi. Hapa hawakuniuliza hata hilo. Wasiocheka walikuwa wawili tu, Mama Nyamizi na Mama Hoza.

Nikaondoka mkekani. Mdomo wa shimo ulikuwa si mbali, na kando yake umetupwa ule mti uliovunjika. Nikaubeba. Ulikuwa mwepesi, Mungu wangu, mwepesi kama mkate. Nikaulaza kukatisha mdomo wa shimo, nikaukalia.

"Mtani huchukua kitu msibani, au sivyo?" nikapiga kelele.

"Ndivyo!" wakaitikia.

"Na akichukua, hanyang'anywi!"

"Hanyang'anywi!"

"Nimechukua hili shimo. Nimelifunga. Atakayeuvuka mti huu kwenda kuchimba kabla sijaufungua, amenivuka mimi, na Mzigua yeyote asimzike. Nalifungua kwa nguzo mpya, za mti mbichi, zote, nizigonge mwenyewe."

Walicheka mpaka wengine wakalala chali. Mama Nyamizi akainuka. Akatembea polepole na kichwa chake kipya cha kunyolewa, akasimama mbele yangu, akaniwekea mapajani nyundo ya mumewe. Akanitazama nilivyokaa pale, pekupeku, malengelenge viganjani, nimeliziba shimo kwa makalio yangu.

"Mwali ametoka ndani," akasema. Akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Matanga yakawa yameanuliwa.

KUTEREMKA

Jumamosi asubuhi lori la mgodi lilikuwa linanguruma, mjane yuko juu na vifurushi vyake, nami ubavuni. Kengele ya kazi ikalia. Wachimbaji wakaenda mpaka kwenye ule mti, wakakaa chini.

"Shukeni!" akaamrisha Maganga.

"Mtani amefunga, nyapara," akajibu Baba Hoza, mtu mwembamba wa sauti ya pole. "Labda uvuke wewe kwanza, tukufuate."

Maganga akautazama mti. Ni kipande kilichooza, mbuzi angeuruka. Alinyanyua mguu. Aliushikilia hewani kitambo, akaurudisha pale pale, akaja kwenye lori akiwa hacheki.

"Karani, utani ulikuwa jana. Fungua."

"Nguzo."

"Mzungu atanifukuza kazi."

"Ukifukuzwa, pitia Chanika. Beba kuku."

Akashika ubao wa lori. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni mtu mzima aliyechoka. "Unadhani mimi sikuzisikia zinavyolia?" akasema polepole. Nilikuwa na majibu mengi, na lori likaondoka.

Mama Nyamizi tuliagana Korogwe. Ametuma salamu kwamba amefika, amepika, na wamekula.

Tangu nirudi nimepata barua mbili za Maganga. Ya kwanza ilikuwa ya mizaha. Ya pili haina mzaha hata mmoja: nguzo nne zimekwisha kubadilishwa, mwenye mgodi anafoka, nije nifungue, zilizobaki zitafuata, atanitumia lori mpaka mlangoni. Mama Hoza naye ametuma mkungu wa ndizi, na habari kwamba mumewe siku hizi analima.

Nimemjibu Maganga mstari mmoja, kwamba mwali hatoki hovyo. Bado nina hasira, msinitulize. Nyundo ya Kasanda iko chini ya kiti hiki. Siku nguzo zote zitakapokuwa mbichi nitaupanda ule mlima kwa miguu yangu, nikilalamika njia nzima, nizigonge moja moja. Kwa sasa anayenitafuta asihangaike. Nipo ndani.